Ukiandika "Inaingia", Jua Umeahidi Nini

Leo siji na mbinu ya kupata wafuasi wala saa nzuri ya kuposti. Nataka tuongelee neno moja tu ambalo wengi wetu tunaliandika kila siku bila kulifikiria: INAINGIA.

"Inaingia Subaru zote." "Inaingia Crown, Altezza, Mark II, usiulize." Wa mapazia nanyi mnaandika yanaingia dirisha lolote. Wa kava za simu, wa viatu, wa vioo vya friji, sote tumo.

Maoni yangu ni haya, na najua kuna watakaonuna: ukishaandika inaingia, isipoingia hilo ni deni lako. Sio la mteja. Sio la fundi wake. Ni lako wewe uliyeandika. Nimelijua hilo kwa njia mbaya, na nusura watu wawili waumie kwa sababu ya sentensi yangu moja.

Kwa asiyenijua, nina fremu ndogo ya spea Kihonda, hapa hapa Morogoro. Nilimaliza kidato cha nne, matokeo hayakunibeba, nikaenda kukaa dukani kwa baba mdogo nikimpangia filta na plagi kwenye shelfu. Ufundi sijausomea popote. Nimejifunza kwa kuuliza, kwa kushika, na kwa kuharibu. Leo nusu ya mauzo yangu ni ya simu: naposti picha, tunaelewana bei, pesa inaingia, mzigo naupeleka Msamvu unapanda basi. Ndio maisha yetu, mnayajua.

Sasa kisa chenyewe.

Mwaka juzi alinitafuta kaka mmoja wa hapa mjini ana Toyota Aristo. Sio ile ya tabo, ni ile ya kawaida yenye injini 2JZ-GE, chesisi JZS160. Alitaka heda. Kwa ambao hamuuzi vyuma: heda ni mabomba ya ekzosi yanayofungwa kwenye injini badala ya manifoldi ya kiwandani. Manifoldi ya kiwandani mara nyingi ni chuma kizito, njia fupi, imebanwa ikae mahali padogo. Heda ina bomba la kila silinda peke yake, refu, linateremka taratibu hadi yanapokutana chini. Injini inapumua vizuri zaidi na sauti inabadilika. Vijana wanaipenda.

Nikatafuta, nikaipata kwa mtu Dar. Kwenye maelezo imeandikwa 2JZ-GE, JZS160. Nikamwomba kaka anitumie picha ya kibati cha chesisi. JZS160. Injini 2JZ-GE. Mimi moyoni nikasema hapa nimemaliza kazi, namba zimegongana herufi kwa herufi. Nikamwandikia hivi, na meseji bado ninayo: "Kaka inaingia Aristo yako bila kukata chochote."

Hebu isomeni tena. "Bila kukata chochote." Nani aliniambia? Hakuna. Niliona mahali pengine watu wanaandika hivyo, nikaona inanogesha tangazo.

Nilichokuwa sikijui ni hiki. Aristo hiyo hiyo Marekani iliuzwa kwa jina la Lexus GS300. Gari ni moja, na chesisi ni JZS160 vilevile. Tofauti ni usukani: wao uko kushoto, sisi uko kulia kama Japani. Na injini ya 2JZ inatolea moshi upande wa kulia wa gari. Kwa Mmarekani upande huo ni wa abiria, hauna shafti ya usukani, mtengeneza heda anapitisha mabomba anavyotaka. Kwa gari yetu upande huo ndiko inakoteremka shafti ya usukani kutoka kwa dereva kwenda kwenye magurudumu. Toyota walipotengeneza manifoldi ya gari ya usukani wa kulia walilijua hilo. Mtu aliyetengeneza ile heda alikuwa anaiwazia GS300 ya Marekani.

Kwa hiyo namba zote zilikuwa sahihi na mzigo ulikuwa mbaya. Hapo ndipo pa kujifunzia, ndugu zangu. Namba inakuambia jina la gari. Haikuambii kuna nafasi kiasi gani mle ndani.

Fundi wa yule kaka akaifunga. Bolti zote zilikaa, gasketi ikakaa, gari ikawaka, sauti tamu. Ila bomba moja lilipita karibu sana na shafti ya usukani. Karibu kiasi gani? Baadaye kaka aliniambia nafasi ilikuwa unene wa kadi ya benki. Fundi akasema haigusi, kwa hiyo haina shida. Na mjini kweli haikuwa na shida. Wiki nzima Msamvu, Mazimbu, Kihonda, gari inatembea.

Jumamosi akapata msiba Matombo, mjomba wake. Kwa Mluguru mjomba sio mtu wa kutumiwa rambirambi kwa simu, lazima uende. Akampakia mama yake, wakatoka Bigwa wakaanza kupanda. Kwenye kona moja, gari inavuta kilima, usukani ukawa mzito ghafla. Anasema ni kama kuna mtu mwingine ameushika upande wa pili. Akakanyaga breki, akaisogeza gari pembeni kwa kuilazimisha. Upande wa chini wa barabara ile mnaujua. Hakuna ukuta pale, kuna migomba na bonde.

Akanipigia akiwa hapo hapo. Hakufoka. Alisema tu, "Dada, si uliniambia inaingia?"

Na mimi, Mungu anisamehe, jibu langu la kwanza lilikuwa, "Kaka, fundi wako ndiye kafunga vibaya." Kabla hajajibu nikasikia sauti ya mama yake nyuma: "Vipi baba, tutafika?" Nikakaa kimya. Sikuwa na la kusema.

Wakaiacha gari kwenye nyumba ya watu karibu na barabara, wakaendelea na pikipiki. Jumatatu gari ikavutwa hadi Kihonda kwenye gereji ya mzee mmoja ambaye mimi namchukulia kama mwalimu wangu. Nilikaa pale siku mbili. Nitawaeleza alichofanya, kwa wale mnaouza spea mkipate, na wengine msikilize mpangilio wake tu, kwa sababu funzo liko kwenye mpangilio.

Swali langu la kwanza lilikuwa: kwa nini mjini haikugusa na mlimani ikagusa? Mzee akanijibu mambo matatu.

Moja, injini ikivuta kwa nguvu huwa inajipinda. Shafti ya ndani inazunguka upande huu, mwili wa injini unasukumwa upande ule. Injini kama 2JZ, iliyofungwa kwa urefu wa gari, ikivuta inainamia upande wa kulia. Yaani ule ule wa ekzosi, ule ule wa shafti yetu. Msamvu unakanyaga mafuta kidogo, inainama kidogo. Kilima cha Matombo ukiwa na mzigo, inainama mpaka mwisho wake.

Mbili, chuma kikipata moto kinarefuka. Stenlesi ya urefu wa mita moja, joto likipanda nyuzi 500, inarefuka kama milimita 8. Chuma cha kawaida kama milimita 6. Heda sio mita nzima na haipati moto sawa kila mahali, lakini hata ukichukua nusu ya hapo, ile kadi ya benki imeshaliwa. Aliyepima gari ikiwa ya baridi amepima gari nyingine.

Tatu, shafti ya usukani ina viungo, mafundi wanaita yunivaso. Kiungo kina masikio. Usukani ukiwa umenyooka sikio linaangalia huku, ukikata kona sikio linageuka linaangalia bomba. Nafasi uliyoiona gari imesimama sio nafasi ya kwenye kona.

Hayo matatu yakikutana pamoja, kilima, joto na kona, ndio Matombo yenyewe.

Sasa kurekebisha. Mimi nilidhani mzee atachukua nyundo. Vijana wengi ndio wanaanzia hapo: bomba linagusa, piga kofi la nyundo, libonyee. Yeye alichukua mtaimbo, akaitikisa injini. Ikacheza kama jino bovu. Akasema, "Mauntingi zimechoka." Zile raba zinazobeba injini zilikuwa zimekaa chini, kwa hiyo injini yote imeshuka na imelalia upande. Tukabadilisha. Peke yake hiyo ilirudisha milimita kadhaa. Akasema kitu ambacho sijakisahau: usikate kipya kabla hujatengeneza cha zamani.

Hatua ya pili, alilegeza bolti za mauntingi na za gia boksi, akaisukuma injini kidogo kwenda kushoto, akakaza. Matundu ya bolti huwa yana uwazi kidogo, unapata milimita chache za bure. Bado hazikutosha.

Hatua ya tatu, akaifunga heda kwa bolti zote kwa vidole tu, bila kukaza. Akakaza kidogo kidogo kwa kupokezana. Ukikaza upande mmoja mpaka mwisho kwanza, heda inavutwa upande, na unaweza kujitengenezea mgusano ambao haukuwepo.

Hatua ya nne ndio niliipenda. Alichukua udongo laini, ule wa watoto wa chekechea wa kufinyanga, akabandika donge kwenye shafti na kwenye kila kitu kilicho karibu na mabomba. Akaugeuza usukani kutoka mwisho hadi mwisho. Kisha akamweka kijana ndani ya gari, breki imekanyagwa sawasawa, gia kwenye D, akakanyaga mafuta kidogo injini iiname, sisi sote tumesimama pembeni. Hakuruhusu mtu asimame mbele ya gari. Wakazima, wakaangalia udongo. Ulipobonyezwa ndipo panapogusa. Hapahitaji mashine, hapahitaji kubishana. Udongo unasema.

Tukakuta mahali ni pamoja tu, urefu kama wa kidole. Mzee akachora kwa chaki, heda ikatolewa nje. Nikamuuliza kwa nini asipige nyundo, maana ni padogo. Akanieleza. Kuubonyeza bomba kidogo sio dhambi. Ukilipasha moto mpaka liwe jekundu, ukalibonyeza taratibu, mbali na mahali palipochomelewa, moshi bado unapita vizuri. Mafundi wa magari ya mbio nao wanafanya. Ila pale palipogusa palikuwa juu ya mshono wa kuchomelea, na stenlesi yenyewe nyembamba. Ukipiga pale leo, baada ya mwezi mmoja panapasuka, na moshi wa moto unapulizia hapo hapo kwenye shafti. Kwa hiyo alikata kipande, akaweka kona nyingine inayopita mbali, akachomelea kwa agoni. Ikarudi kwenye gari, udongo ukarudi, majaribio yakarudi. Safari hii kidole gumba changu kilipita kati ya bomba na shafti, usukani ukiwa popote.

Na akaniwekea makatazo, niliyaandika nyuma ya risiti:

Usikate wala usisage shafti ya usukani ili bomba lipite. Hata milimita moja.

Usipashe moto kitu chochote kikiwa bado kwenye gari karibu na mabomba ya breki na ya mafuta.

Usiongeze gasketi ya pili ili kusogeza heda nje. Itavuja.

Karibu na chuma kisichosogea acha angalau upana wa kidole. Karibu na raba, waya na mabomba ya breki acha vidole vitatu, na ukikosa weka bati la kuzuia joto lenye uwazi wa hewa nyuma yake. Bati lililogandishwa kwenye kitu halizuii joto, linalipokea tu na kulipitisha.

Kile kitambaa cha kuzungushia ekzosi kinapunguza joto kweli, lakini kinashika maji. Kwenye heda ya chuma cha kawaida, kwa mvua za Uluguru hizi, unaifungia kutu ndani ya blanketi.

Halafu, kabla ya kufunga boneti, angalia kama filta ya oili bado inatoka, kama stiki ya oili inachomoka, kama waya wa sensa ya oksijeni unafika bila kuvutwa. Gari ambayo huwezi kubadilisha oili sio gari iliyofungwa vizuri.

Jioni tukaipeleka kwenye zile barabara za juu ya Boma zinakoanza kupanda mlima. Mzee mwenyewe ndiye aliyeendesha. Ikapanda, ikakata kona, ikarudi. Kimya.

Sasa tuje kwenye pesa, maana ukurasa huu ni wa biashara. Ile heda iliniingia kwa 390,000 pamoja na usafiri, niliiuza 480,000. Faida 90,000, nikaifurahia kwelikweli. Baadaye nikalipa hivi: nusu ya kuvuta gari 60,000, kuchomelea 60,000, kipande cha bomba 25,000, kutoa na kufunga upya 80,000. Jumla 225,000. Mauntingi alilipa mwenye gari, zilikuwa zimechoka kabla yangu. Nilipoteza 135,000 kwa mzigo mmoja, na wakati ule hiyo ilikuwa kodi ya fremu na chenji juu.

Hakuna aliyenilazimisha. Kwenye posti yangu nilikuwa nimeandika kama wote, "mali ikishauzwa hairudishwi". Baba mdogo alinicheka, akasema hutakaa mjini kwa huruma hizo. Wenzangu wawili wa spea waliniambia neno lile lile: "Si fundi ndiye anayefunga? Wewe unauza, unafungaje?"

Nawaheshimu, ila siwakubali, na hizi ndizo sababu zangu.

Kuhusu fundi. Ni kweli fundi alikosea. Nafasi ya kadi ya benki kwenye shafti ya usukani fundi mzuri haiachi. Lakini fundi alipokea mzigo ambao tayari umelipiwa, na mteja ana meseji yangu mkononi inayosema bila kukata chochote. Angesema haifai, mteja angemwona yeye ndiye hajui kazi. Sentensi yangu ilifika gereji kabla ya spana yake. Sisi tunaouza kwa maneno tunasahau kwamba maneno nayo yanafungwa kwenye gari.

Kuhusu mteja kutokujua gari yake. Ndiyo, wengi hawajui. Ndio maana wananunua kwetu. Angekuwa anajua kila kitu angeagiza mwenyewe. Ile faida unayoweka juu ya bei, unalipwa kwa ajili gani kama sio kujua kwa niaba yake?

Kuhusu "hairudishwi". Hii mnaijua imebandikwa kila duka. Ila jueni pia nchi yetu ina Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003, na ndani yake kuna katazo la maelezo ya uongo au ya kupotosha kuhusu bidhaa. Kubandika karatasi ukutani hakufuti ulichoandika kwenye tangazo. Mimi sio mwanasheria na sikuja kuwatisha. Nasema tu kwamba "hairudishwi" inafaa mteja akibadili mawazo. Haifai wewe ulipodanganya, hata kama ulidanganya kwa kutokujua.

Na kuhusu faida ndogo. Hapa ndipo nawaelewa zaidi. Faida ya 90,000 haiwezi kubeba hasara ya 225,000, hesabu hiyo hata mimi naiona. Ndiyo maana simwambii mtu awe anarudisha pesa kila siku. Nasema punguza ahadi. Ahadi ndogo ni bure. Leo nikiwa sijaiona heda ikifungwa kwenye gari kama ya mteja, naandika hivi: "Imetengenezwa kwa 2JZ-GE. Sijaifunga kwenye gari ya usukani wa kulia. Inaweza kuhitaji kukatwa. Mpeleke fundi aipime kabla hujaikaza, ikiwa haina alama ya spana naipokea ndani ya siku saba." Mlidhani wateja wamekimbia? Wengine wamekimbia, nisiwadanganye. Wanaobaki wanaulizia vizuri na hawagombani.

Maswali ninayomtumia mteja wa heda au ekzosi kwa sasa ni haya, chukueni:

1. Nitumie picha ya kibati cha chesisi. Sio uniambie, nitumie.

2. Injini ni ile iliyokuja na gari au imebadilishwa? Hapa kwetu injini zinahama gari kama wapangaji.

3. Ina tabo au haina? Subaru Forester SG5 ipo yenye tabo na isiyo na tabo, chesisi zote zinaanza SG5, na heda zake haziingiliani kabisa.

4. Piga picha injini kutoka juu, na nyingine kutoka chini gari ikiwa kwenye stendi.

5. Unapita barabara gani? Wa Subaru hasa, maana heda yake inapita chini ya injini. Mteja wa Mgeta au Kinole mwenye mawe na makorongo sio sawa na mteja wa lami.

6. Unataka nini hasa: nguvu, sauti, au ya zamani imepasuka tu?

Na muuzaji wa juu yangu namuuliza moja: hii ilipimwa kwenye gari ya usukani upande gani? Akijibu "zote", nakata simu.

Swali la sita msilidharau. Ule mngurumo wa Subaru wa kukatakata unaopendwa na vijana, kwa sehemu kubwa unatokana na mabomba ya ekzosi kuwa na urefu usiolingana. Heda nyingi za kisasa zina mabomba yenye urefu sawa. Kijana akifunga, gari inapumua vizuri lakini mngurumo umepotea, inalia kama gari nyingine tu. Bolti zimeingia zote, na mteja amelia. Kwa hiyo kuingia sio matundu kukutana tu. Kitu kimeingia pale kinapofika kwa mteja na kikakuta nafasi ya kile alichokuwa anakitegemea.

Hapo ndipo naungana na ninyi msiouza vyuma. Wa viatu, saizi 40 ya kiwanda kimoja sio 40 ya kingine; pima soli kwa sentimita, andika sentimita. Wa mapazia, omba upana wa dirisha na urefu kutoka kwenye fimbo hadi sakafuni, usitume picha ya sebule ya watu. Wa kava za simu, simu zinafanana jina zinatofautiana kamera. Wa nguo za mtoto, umri sio kipimo, mtoto wa miaka 3 wa jirani ni mkubwa kuliko wangu wa 4. Kila biashara ina shafti yake ya usukani, kile kitu ambacho hakionekani kwenye picha na ndicho kitakachogusa. Kazi yako ni kukijua chako ni kipi, ukiulizie kabla pesa haijaingia.

Yule kaka hajawahi kununua heda tena kwangu, na simlaumu. Ila filta ya oili bado ananunua kwangu. Mwezi uliopita alipita na mama yake yuko kiti cha mbele, wanatoka huko huko Matombo, wamejaza ndizi nyuma. Mama akashusha kioo akanisalimia, akaniachia mkungu mmoja. Nikasema asante mama, shikamoo, nikarudi ndani haraka. Hajui ni mimi niliyeandika ile meseji. Mimi ninajua.

Wewe unauza nini, na kwenye biashara yako kitu gani ndicho kinachogusa ambacho picha haionyeshi? Kiandike hapo chini, mwenzako ajifunze kabla hajalipia.